Glavu za Sufu Kwale? Maoni Yangu Juu ya Viatu vya Matembezi



Wahenga walinena ya kwamba adhabu ya kaburi aijuaye ni maiti. Mie maiti sijawa, alhamdulillahi, lakini adhabu ya buti nimeionja, na mashahidi wangu ni wale wenzangu kumi na sita tulioandamana hadi Kwale mwezi wa Februari uliopita. Kwa hivyo niliposoma kwenye ubao wa matangazo kwamba safari ya muhula ujao itafuata "karatasi ya mahitaji ile ile ya zamani", nilishindwa kunyamaza. Naomba radhi mapema kwa walimu wangu. Sina ugomvi na mtu. Ugomvi wangu ni na karatasi.

Karatasi yenyewe wengi mwaijua. Ilipigwa taipu zamani sana, kisha ikatolewa fotokopi, na fotokopi ikatolewa fotokopi, hata herufi nyengine zimefutika na mtu asomeapo hukisia. Lakini nambari nne inasomeka vizuri sana: "Buti za ngozi, nzito, za kupandia milima, zenye kupita kifundo cha mguu. Asiye nazo hatasafiri." Ukiteremka utakuta nambari tisa, glavu za sufu. Nambari kumi, kofia ya baridi ya kufunika masikio. Jamani! Glavu Kwale! Tena Februari, wakati ambapo huku Likoni mtu akimaliza kuoga tu jasho lishaanza kumtoka kabla hajavaa shati!

Mie nashuku, na atakayenirekebisha nitamshukuru, kwamba karatasi hii aliinakili mtu kutoka kwa watu waliokuwa wakipanda Mlima Kenya. Huko sawa. Kilele cha Batian kina urefu wa mita 5,199, kuna barafu, kuna mawe makali, na mtu huvaa glavu akashukuru. Vilima vyetu vya Shimba havifiki hata mita 500. Ukisimama juu yake unaiona bahari, na upepo unaokupiga ni ule ule upigao kivukoni, ila huu umepoa kidogo kwa miti. Kumvalisha mtu wa Shimba kama mtu wa Batian ni kumvalisha mvuvi koti la manyoya.

Mtu anaweza kusema, "Ah, hii ni karatasi tu, wewe unaikuza." La. Hebu nieleze lililotokea asubuhi ile langoni.

Kuna mwenzetu mmoja, jina lake nalihifadhi, ambaye baba yake ni mvuvi wa upande wa Mtongwe. Kijana huyu kwa kutembea hapana anayemfikia shuleni. Kila siku huja kwa miguu na kurudi kwa miguu, na Jumamosi humsaidia babake kubeba wavu. Alikuja na raba zake za turubai, amezifua mpaka zimekuwa nyeupe, kamba amezipitisha upya. Aliyekuwa zamu siku ile akatazama karatasi, akatazama miguu, akatazama karatasi tena. Akasema sheria ni sheria. Mwenzetu hakubishana. Alifungua mkoba wake, akatoa mfuko wa mihogo ya kuchemsha aliyofungiwa na mamake, akatupa sisi. "Chukueni," alisema, "mie nitakula nyumbani." Kisha akaondoka. Gari zima tulinyamaza mpaka tulipofika Ng'ombeni.

Sasa niulizeni mie nilivaa nini. Nilivaa buti, bwana! Tena buti hasa. Mjombangu alikuwa baharia, na katika safari zake alinunua Hamburg jozi ya buti za ngozi ya kahawia, soli nene, vyuma vya kupitishia kamba vinang'aa. Alizivaa mara mbili tatu, akaziona hazimfai, akazitia sandukuni chini ya kitanda. Zikalala humo miaka minane. Mamangu alipomweleza habari ya karatasi, mjomba akazitoa, akazipiga rangi, akanambia, "Haya, mwanangu, hizi hata Kilimanjaro utafika." Aliyekuwa zamu alipoziona alitikisa kichwa kwa kuridhika. Mie nikapita kifua mbele.

Tulianza kutembea kutoka mji wa Kwale, tukashuka njia za vijijini upande wa Golini, mpango ukiwa tuzunguke kama kilomita 15 na kurudi kulala. Kilomita ya kwanza nilikuwa mbele. Ya pili nikawa kati. Ya tatu nikaanza kusikia miguu imekuwa ya mtu mwengine. Ngozi ile ilikuwa imeshika joto kama sufuria, na ndani soksi zangu za pamba zimerowa jasho chapachapa. Ya nne, nikiteremka mteremko wenye changarawe, nikahisi nakanyaga kitu laini kama mkate ulioloa. Kutazama nyuma, njia nzima ina vipande vyeusi kama masizi. Soli ya kulia ilikuwa imefungua mdomo kama chewa! Tukaifunga kwa kamba ya mkonge. Hatujakwenda hatua mia, ya kushoto nayo ikabanduka yote, ikabaki njiani peke yake, na mie nikaendelea kwa kitambaa cha ndani.

Kulikuwa na mzee mmoja akikata majani ya mbuzi kando ya njia. Nikamwamkia, "Shikamoo, babu." "Marahaba, mjukuu wangu," akajibu, lakini macho yake yalikuwa miguuni kwangu. Akauliza pole pole, "Hizo umezivaa wewe, au zimekuvaa?" Wenzangu walicheka hadi wakakaa chini. Mzee hakucheka. Akatwambia kwamba ujanani, kabla uwindaji haujapigwa marufuku, yeye na wenziwe walikuwa wakifuata funo na nguruwe mwitu kutwa nzima, na mtu mwenye kiatu kizito walimwacha nyumbani. "Atakanyaga ukuti mkavu, mnyama asikie, atimke, na yeye mwenyewe hajaona kitu. Halafu jioni ndiye wa kubebwa." Akatuelekeza kwa fundi wa akala karibu na barabara. Mwalimu tuliyekuwa naye, Mungu ambariki, akanikopesha shilingi 350, na safari yangu niliimaliza kwa vipande vya gurudumu la lori.

Nifungue mabano hapa, kabla mtu hajanielewa vibaya. Simwombei mtu ruhusa ya kuwinda. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 ina adhabu kali sana. Atakaye kuona wawindaji leo wakiishi kwa upinde, akawatazame Wahadzabe karibu na Ziwa Eyasi, Tanzania, na akitazama miguu yao ataona akala nyepesi au viatu vya kawaida, si buti za kilo mbili. Bali sisi tusiowinda tunakanyaga ardhi ile ile, chini ya jua lile lile. Tofauti ni kwamba mwindaji akichagua kiatu kibaya hulala njaa, kwa hivyo yeye hujifunza upesi. Tuliporudi nilifanya utafiti wangu mdogo, na sehemu kubwa ya makala haya ni matunda yake.

Jambo la kwanza lililonisumbua lilikuwa hili: vipi kiatu kilichovaliwa mara tatu tu kikavunjika kama biskuti? Nilimpelekea mwalimu wetu wa Kemia kipande cha ile soli, akakifinya, kikawa unga vidoleni mwake. Akanieleza. Buti nyingi za siku hizi zina tabaka la kati, baina ya ngozi na mpira wa chini, lililotengenezwa kwa povu la plastiki iitwayo poliyurethani. Povu hili ni zuri, hubeba uzito na hudumu kwa mwenye kutembea sana. Lakini lina adui mmoja: unyevu wa hewa. Maji yaliyomo hewani huingia ndani yake pole pole na kukatakata minyororo ya plastiki ile, na joto huharakisha kazi hiyo. Kiatu kikikaa kabatini miaka mitano, minane, kumi, kinaoza hali ya kuwa juu chang'aa. Hata kisipovaliwa kinaoza. Mara nyengine kisipovaliwa ndiyo huoza upesi zaidi. Sasa fikiria Pwani yetu, ambako chumvi ya mezani hugeuka maji kikomboni. Sanduku la mjombangu lilikuwa ni kaburi.

Ndiyo maana nawaambia wenzangu mnaokwenda Kongowea kutafuta viatu vya mtumba: msidanganywe na rangi. Viatu vile vilivaliwa Ulaya au Marekani miaka kadhaa iliyopita, vikakaa ghalani, vikafungwa kwenye robota, vikasafiri baharini, na hapana ajuaye umri wake, hata muuzaji mwenyewe. Si kosa lake. Wewe chukua kiatu, kikunje katikati kwa nguvu. Kisha tazama ubavuni, baina ya soli na ngozi: ukiona nyufa ndogo ndogo kama za udongo mkavu, kirudishe. Bonyeza kwa ukucha. Povu zima hurudi lilivyokuwa. Lililooza hubaki na shimo, au hunata, au hutoa unga. Mie nimeshafanya hivi mbele ya wauzaji na wengine wamenuna, lakini heri muuzaji anune sokoni kuliko soli kuachama Golini. Na ukipata kiatu ambacho soli yake imeshonwa kwa uzi pembeni, wala haikugandishwa kwa gundi peke yake, mshukuru Mola, maana hicho fundi yeyote wa Likoni atakitengeneza.

La pili ni uzito. Nilizipeleka zile buti (zilizobaki) kwenye mizani ya duka la jirani, pamoja na soli niliyoiokota. Jozi nzima: kilo 1.7. Kisha nikapima jozi ya raba za turubai za mdogo wangu, ambazo mguu wake ni sawa na wangu. Gramu 700. Tofauti ni kilo moja kamili, yaani nusu kilo kila mguu. Utasema nusu kilo ni nini, pakiti ya sukari ndogo? Haya, tupige hesabu. Mtu wa kimo changu akitembea kilomita 15 hupiga kama hatua 20,000. Kila hatua huinua mguu mmoja, na mguu huo umebeba nusu kilo ya bure. Mara 20,000, ni kilo 10,000. Tani kumi, ndugu msomaji! Mzigo wa lori zima umeuinua kidogo kidogo kutwa, kisha usiku walalamika magoti.

Na si uzito tu, ni pale uzito ulipokaa. Watu waliopima pumzi na nguvu za wanajeshi wakitembea na mizigo, utafiti uliofanywa sana miaka ya 1980, waliona kwamba kilo moja miguuni huchosha kiasi cha kilo tano au sita mgongoni. Sababu yaeleweka hata bila maabara. Mzigo wa mgongoni unakwenda mbele taratibu pamoja nawe, lakini mguu hurushwa, husimamishwa, hurushwa tena. Kwa hivyo mie niliyekuwa na kilo moja zaidi miguuni nilikuwa kama mtu aliyetwikwa pakiti mbili na nusu za unga wa ugali juu ya mkoba wake. Na yule mwenzetu mwenye raba tulimwacha langoni. Hapo mie hushindwa kuelewa tulimlinda na nini.

Nije kwenye joto na maji, kwa maana hapa ndipo watu wengi huvutana. Karatasi yataka ngozi. Ngozi nene ni nzuri kwa baridi na kwa mawe, lakini kwa jasho ni gereza. Mguu hutoa jasho kutwa. Lisipopata pa kutokea hulowesha soksi, soksi iliyolowa husugua ngozi ya mguu iliyolainika, na malengelenge yameingia. Ukiongeza siku ya pili, kuvu baina ya vidole wamepata nyumba. Turubai au kitambaa chenye vitundu hupumua. Kuna ndugu zetu wenye uwezo ambao watasema, "Basi nunueni zile buti zenye utando usiopitisha maji." Nimezishika hizo. Utando wake hutoa jasho kwa kutegemea kwamba nje kukavu kuliko ndani. Je, Pwani nje kukavu? Isitoshe, umande wa Shimba asubuhi hufika magotini, na kijito ukikivuka maji huingilia juu, mdomoni mwa kiatu. Utando uliokuwa ukizuia maji yasiingie sasa wayazuia yasitoke! Umevaa ndoo mbili.

Wenye kuishi vitani waliligundua hili zamani. Jeshi la Marekani lilipopigana Vietnam, miaka ya 1960, liliwapa askari wake buti zenye ngozi sehemu ya chini tu, na juu kitambaa chepesi, na ubavuni mwa wayo zilitobolewa vitundu vidogo vya kutolea maji. Hawakujaribu kuyazuia maji. Waliyafungulia mlango yatoke. Raba yetu ya turubai haina vitundu vya kisasa, lakini ukivuka kijito, ukatembea nusu saa juani, imekauka. Buti ya ngozi iliyolowa Jumamosi utaikuta mbichi Jumatatu. Na tafadhali usiianike karibu na moto, ngozi hukakamaa na gundi huachia; ijaze magazeti makuukuu ndani, uyabadilishe.

Najua mwalimu mlezi wetu atauliza juu ya nyoka na kifundo cha mguu. Aliniuliza hivyo nilipomwendea ofisini, na alikuwa na haki ya kuuliza. Nyoka aitwaye bafe hulala njiani bila kusogea, hungoja, na akikanyagwa humuuma mtu wayoni au chini ya goti. Mie mwenyewe siku ya pili, tulipoingia kwenye hifadhi na askari wa wanyamapori kuteremkia maporomoko ya Sheldrick, nilijuta kuwa na akala. Njia ni ya kama kilomita mbili, mteremko mkali, kurudi ni kupanda. Mchanga uliingia chini ya wayo, mwiba ukanichoma kidole gumba, na siafu walipita juu ya gidamu kama njia yao ya kila siku. Hata yule palahala, swala mzuri mweusi ambaye Kenya nzima hapatikani pengine ila Shimba, wenzangu walimwona kwa mbali mie nimeinama nachomoa mwiba. Kwa hivyo akala nazipenda kwa barabara ya kijijini na kwa uani. Msituni sizipigii debe. Kandambili ndiyo usiseme, na makubadhi tuyaachie Idi.

Lakini jibu la nyoka si kilo 1.7. Jibu ni kiatu cha kufunika mguu wote, suruali ndefu iliyochomekwa ndani ya soksi, na kutazama unapokanyaga. Raba za turubai zenye shingo ndefu zapatikana, tena zafika kifundoni. Kuhusu kuteguka, mtu aliyebeba kilo ishirini mgongoni kwenye mawe anahitaji kushikwa kifundo, sina ubishi. Sisi tulibeba blanketi, chupa ya maji na mihogo ya watu. Kwa mzigo huo mguu wa mtu aliyezoea kutembea hujishika wenyewe, na soli nyembamba humfanya ahisi jiwe kabla halijamgeuza. Miongoni mwetu aliyeteguka alikuwa mmoja tu, na alivaa buti za ngozi, mpya, zilizonunuliwa shilingi 7,000 kwa ajili ya safari hiyo hiyo. Sisemi buti zilimtegua. Nasema hazikumzuia.

Kuna wengine nao, hasa kidato cha kwanza, wamerukia upande wa pili: "Basi twende miguu mitupu! Abebe Bikila si alishinda marathoni bila viatu?" Kweli alishinda, Roma, mwaka 1960. Na mwaka 1964 akashinda tena, Tokyo, akiwa na viatu, jambo ambalo mashabiki wa miguu mitupu hulisahau. Tena Bikila alikimbia barabarani, hakupita vichakani ambako watu na mifugo huacha vyao. Safura huingilia kwenye ngozi ya wayo. Funza naye, ambaye alifika pwani hii mwishoni mwa karne ya 19 akitokea upande wa magharibi wa Afrika, amewala watu wengi vidole. Wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, wale ambao jina lao limebakia katika mitaa ya Kariakoo, walitembezwa mamia ya maili bila viatu, na waliokufa kwa maradhi ni wengi mno kuliko waliokufa kwa risasi. Hatutaki kurudi huko. Kiatu tuvae. Kiwe chepesi, basi.

Maadamu nimeshaanza, niseme na namna ya kukichagua, kwa sababu chepesi kisichokutosha nacho ni balaa. Nenda kununua alasiri. Mguu huvimba kutwa kwa joto na kusimama, na kiatu kilichokutosha saa mbili asubuhi saa tisa kitakuwa kimekufunga pingu. Vaa na soksi utakazosafiria, usivae na soksi ya muuzaji nyembamba kama utando wa buibui. Simama, sukuma vidole hadi mbele. Nyuma ya kisigino pabaki nafasi ya kidole kimoja cha mkono. Kisha tafuta mteremko, hata ngazi za duka, ushuke kwa kishindo: vidole vikigonga mbele, Kwale kucha zitang'oka. Chini pawe na meno. Soli iliyosuguliwa ikawa laini kama sahani inatosha lami ya Changamwe, lakini kwenye majani yenye umande utateleza kama samaki. Soksi za pamba ziacheni nyumbani, nimeshawaambia zilivyonifanya. Zile za mpira wa miguu, ndefu, zenye nailoni, hukauka upesi na zafunika muundi. Chukueni jozi mbili, moja ianikwe juu ya mkoba. Na kiatu kipya kisianzie safari njiani: kiende shule nacho wiki mbili kwanza, kivuke feri, kijue mguu wako.

Viatu vya namna hii vyapatikana. Raba za kiwanda cha Bata cha Limuru zauzwa hata maduka ya mtaani, na za mtumba zisizo na yale mapovu ya siri zimejaa. Sandak za plastiki sizipendekezi kwa siku nzima, zachoma, ila kwa kuvuka matope ya mikoko hazina mpinzani.

Ombi langu kwa mwalimu mlezi na kamati ni dogo. Nambari tisa na kumi zifutwe, sote tucheke, yaishe. Nambari nne iandikwe upya: kiatu chochote cha kufunika mguu, chenye soli yenye meno, kilichokwisha kuvaliwa wiki mbili, na kikaguliwe ijumaa kabla ya safari, sio langoni asubuhi mtu akiwa na mihogo mkononi. Safari ya Mlima Kenya ikija, itolewe karatasi yake, na hapo mie wa kwanza nitatafuta glavu. Tena ndugu zetu wa kidato cha nne wanaoondoka, raba zenu msizitupe. Kuna kabati tupu nyuma ya chumba cha chama. Tuziweke humo, tuandike saizi kwa chaki, asiye nazo aazime. Zisikae miaka minane tu.

Niliandika makala haya kabla kamati haijakutana. Mwenzetu yule bado ana raba zile zile, nyeupe. Jana nilimwuliza kama ataandikisha jina lake kwa safari ya muhula ujao. Akanijibu kwamba anangoja kwanza aione karatasi.